Mkwe Wangu na Bunduki Ndogo

Jumamosi, 2 Machi 1957

Ngedere wawili leo, shamba la chini. Risasi nne. Mbili zimekwenda bure — moja upepo, moja mkono wangu. Mikia nimeitundika juu ya moshi pamoja na ile mitano. Sasa saba. Bwana Edmund wa kilimo anapita hapa Isongole siku ya Ijumaa. Ukimwonyesha mikia kumi anakuandikia cheti, na Boma wanakupa kisanduku kipya cha risasi. Zangu zimebaki kumi na moja.

Danieli jirani alipita na gobori lake begani. Akaitazama bunduki yangu, akauliza kama ni bunduki au kalamu. Nikamwambia kalamu inaandika, gobori lako linapiga chafya tu. Tukacheka. Kweli ni ndogo. Namba ishirini na mbili, risasi haizidi punje ya haragwe. Nyani inamwasha tu, anajikuna na kuondoka. Lakini ngedere, tumbili, nungunungu, hao inawatosha. Haina moshi, haina kelele nyingi.

Nilipoacha unyapara wa tumbaku Iringa, Mgiriki aliyeniuzia alinipa maneno mawili. Usipige usichokiona chote. Usimpe mtu mwingine. Leseni ina jina langu, Jailos, na muhuri. Bonde zima hili mwenye bunduki ya risasi ni mimi. Najisifu — lakini ni kwa daftari langu tu.

Marta ameuliza tena ninaandika nini kila jioni. Mke wangu hasomi Kiswahili. Ndiyo maana naandika Kiswahili.


Jumapili, 3 Machi

Kanisani. Mchungaji Saulo amerudia yale yale: Wakristo waache kukimbiana, baba mkwe na mke wa mwanawe wasalimiane kwa mkono kama watu wa nyumba moja. Mimi mzee wa kanisa nilikaa mbele, nikatazama viatu vyangu.

Sisi tunaita ukutila. Ikupa, mke wa mwanangu Lutengano, hanioni na mimi simwoni. Nikipita nakohoa, naye anajificha. Asipopata pa kujificha anainama na kujifunika kichwa. Jina langu halitaji kabisa. Mwaka wa tatu huu tangu aolewe, na mwanangu yuko Iringa karani wa stoo, anakuja Krismasi tu. Uso wa Ikupa siujui. Najua kaniki yake, najua visigino vyake, najua kicheko chake jikoni ambacho hukatika nikikohoa. Na nitasema kweli hapa: kikikatika hivyo napendezwa. Iringa nilikuwa mtu wa kuitwa kwa filimbi. Hapa kwangu mtu ananyamaza nikikohoa.

Marta amesema baada ya chakula, kwa upole, kwamba Ikupa anaomba tufanye kama mchungaji anavyosema. Njia fupi ya mtoni inapita mlangoni kwangu, kwa hiyo kila siku na mtungi wake anazunguka kule shamba la chini. Nimejibu: bado. Akishazaa tutaona.


Jumanne, 5 Machi

Mvua. Ngedere wamemaliza mistari miwili ya mahindi mabichi. Wanachuma, wanauma mara moja, wanatupa. Ndilo linaloniudhi. Mwizi mwenye njaa ningemwelewa.

Mikia bado saba.


Alhamisi, 7 Machi

Nimempiga Ikupa.


Ijumaa, 8 Machi

Mbeya, nje ya hospitali. Naandika ili niseme sawasawa hata mahali pamoja tu, maana jana niliwaambia watu nusu nusu.

Nilitoka jua halijachomoza. Ukungu. Ngedere hushuka msituni umande ukiwa bado majanini, na nilitaka watatu kabla Bwana Edmund hajaja. Nilikwenda kwa magoti kando ya mahindi. Sikukohoa. Mtu anayewinda hakohoi. Miaka mitatu sijapita shambani kwangu bila kukohoa, na jana sikukohoa.

Ikupa alikuwa anarudi mtoni, njia ya kuzunguka, njia niliyomwachia mimi. Alipoinua macho akaniona mbele, karibu, nimechutama na bunduki. Kurudi nyuma hakuwahi. Akatua mtungi njiani, akaingia kwenye mahindi, akachutama, akavuta kaniki juu ya kichwa. Kama inavyotakiwa. Nikaona vichwa vya mahindi vinatikisika, halafu kitu cheusi, chini, kimetulia. Sikukiona chote. Nilisema moyoni: wa nane. Nikapiga.

Hakupiga kelele. Mbele ya baba mkwe mwanamke hapandishi sauti, na hakupandisha. Kwa hiyo nikatia risasi ya pili. Mungu anisikie, nikalenga tena. Ndipo ngedere wakalia upande wa pili kabisa, nyuma yangu, kwenye mti, nikajua.

Niliona kwanza mtungi. Umesimama njiani, umejaa, hata tone halikumwagika. Halafu mguu. Halafu mkono wake unahangaika na kaniki, unaivuta ifunike uso. Anajificha nisimwone.

Na mimi nilifanya nini? Nilisimama. Hatua kumi.  Nilisimama kama mgeni ambaye hodi yake haijaitikiwa, nikapaza sauti kumwita Marta, na Marta alikuwa juu kabisa nyumbani anakamua ng'ombe. Muda aliochukua kushuka — sitaki kuuhesabu. Ningeweza kumzibia damu kwa mkono wangu. Sikumgusa. Mzee wa kanisa, mtu wa leseni, nimeogopa kumtazama mtoto ninayemuua.

Danieli na wenzake walitengeneza machela, tukapata lori barabarani. Tundu lenyewe dogo, kiunoni nyuma, kama la kifungo. Wanaume waliliona wakasema atapona, tundu hili si kitu. Bunduki ya kalamu. Danieli hakulisema hilo. Ningependa angelisema.


Jumamosi, 9 Machi

Nilijipeleka polisi mwenyewe, bunduki imefungwa kwenye blanketi, leseni mfukoni. Sajenti ni mtu wa pwani, Kiswahili chake kinatiririka, changu kinakwama kwenye mawe. Alinitendea vizuri mwanzoni.

Akauliza majeruhi ni nani. Mke wa mwanangu. Umri? Sijui, labda ishirini. Mrefu, mfupi, mweupe, mweusi? Sijui. Ana alama usoni? Sijui. Akaweka kalamu chini. Mzee, umekaa naye miaka mitatu boma moja, hujui ana sura gani? Nikamwambia ni desturi. Akauliza kwa sauti ya chini kuna nini kati yangu na mke wa mwanangu ambaye mumewe yuko mbali.

Hakuna kitu kati yetu, nilisema. Hata salamu haipo.

Aliandika. Sikuona ameandika nini.


Jumatatu, 11 Machi

Mchungaji Saulo amenidhamini. Hakunikumbusha mahubiri. Afadhali angenikumbusha.

Wamekwenda wodini kumhoji Ikupa. Marta alikuwepo, amenieleza. Sajenti alimuuliza nani amekupiga. Kimya. Akamuuliza kama anamjua. Akaitikia kwa kichwa kuwa anamjua. Basi mtaje. Akageukia ukutani, akavuta shuka. Mara tatu hivyo. Sajenti akatoka anasema mwanamke huyu ametishwa, na mzee huyu ana siri. Akiendelea kunyamaza, hii si ajali tena kwenye karatasi zao.

Marta alijaribu kumweleza kwamba jina la baba mkwe halitajwi. Kiswahili chake hakikutosha. Sajenti alidhani anamtetea mumewe.

Nimekaa kwenye benchi najua kwamba Ikupa ananyamaza kwa heshima, na heshima hiyo itanifunga. Na mimi ndiye niliyesema bado.


Jumanne, 12 Machi

Nimemwandikia barua. Amesoma shule ya misheni hadi darasa la nne, atasoma. Ya kwanza niliiandika kama mnyapara: unaruhusiwa kutaja jina langu mbele ya polisi. Nikaisoma. Nikaichana. Nimempiga risasi, sasa nampa na amri.

Ya pili, kwa lugha yetu: Ikupa mwanangu, nisamehe. Taja jina langu. Lile la mtoni nilikataa kwa kiburi tu.

Ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia tangu aingie nyumbani kwangu. Marta ameificha kwenye kitambaa cha kichwa akaingia nayo.


Jumatano, 13 Machi

Amesema.

Marta anasema aliisoma barua mara mbili, akaikunja ndogo ndogo, akailalia. Sajenti alipokuja akajifunika uso wote na kutoka ndani ya shuka akasema: Jailos. Halafu akasema nilidhani yeye ni ngedere. Na kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyeingia kwenye mahindi.

Kosa ni lake! Ningemshukuru kama angenilaani.

Sajenti alipoondoka Ikupa akaomba maji. Hakuyanywa. Alisukutua kinywa, akatema, akalia mpaka mchana.

Sasa ni ajali na uzembe, kesi itasikilizwa mwezi ujao. Leseni imefutwa. Bunduki wameifunga lebo yenye namba na kuiweka kabatini pamoja na mapanga ya walevi. Siitaki. Lakini asubuhi hii nilipoamka kwenye kibanda tunacholala karibu na hospitali niliona mkono wangu unaipapasa ukutani, na nilijichukia.


Ijumaa, 15 Machi

Daktari amemchoma nyayo kwa pini. Marta alikuwa anamshika mkono. Ikupa aliuliza mbona haanzi, na daktari alikuwa ameshamaliza.

Risasi imekaa karibu na uti wa mgongo. Homa inapanda jioni. Mpasuaji anayeweza kuitoa yuko Iringa mwezi huu. Daktari anasema asipopelekwa wiki hii, homa itamshinda. Akipelekwa, huenda akaishi. Kuhusu miguu hakusema.

Nilimtumia Lutengano simu ya maandishi tangu Ijumaa iliyopita. Jibu limekuja leo. Limeandikwa kwa jina la mama yake. MLETENI IRINGA NITASUBIRI HOSPITALI. Karani wa posta alinisomea, nikasubiri aendelee. Hakukuwa na zaidi. Kwa baba, hata salamu.


Jumapili, 17 Machi

Nimerudi nyumbani mara moja kuchukua nguo na unga. Sikwenda kanisani.

Ngedere wako shamba la chini mchana kweupe. Sikuwapigia hata kelele. Jike mmoja amekaa juu ya kichuguu na mtoto kifuani, ananitazama, anatafuna. Shamba lote limelala. Hata mabua wameyavunja. Danieli alinijia na gobori, akaniwekea mbele: chukua mzee, piga hata moja tu, moyo utatulia. Nilikataa. Akakaa nami kidogo, akaondoka bila utani.

Mtungi bado uko njiani. Mvua imeujaza mpaka unafurika. Watu wamepita wiki nzima, hakuna aliyeugusa. Niliubeba mpaka jikoni. Mzito. Sikujua ni mzito hivyo, na njia ile ni ndefu, nimepumzika mara mbili.

Mikia saba nimeitupa motoni. Inanuka mpaka sasa.


Jumatatu, 18 Machi

Inspekta amenipa barua ya ruhusa, niripoti polisi Iringa kila Jumatatu. Lori la Verediana, mama mfanyabiashara wa viazi, linaondoka alfajiri. Alikubali mara moja, akaagiza watandike magunia matupu nyuma, chini ya turubai. Wauguzi watampakia. Mimi nitakaa mbele na dereva, Marta atakaa naye nyuma. Ndivyo tulivyopanga, nisimsumbue.


Jumanne, 19 Machi

Tumepita Chimala, hatujafika Igawa. Lori limezama. Naandika kando ya barabara, daftari juu ya debe.

Niandike kwa utaratibu.

Mvua haikukata tangu tulipotoka Mbeya. Hapa barabara imekuwa uji. Gurudumu la nyuma limeingia mpaka ekseli. Dereva na utingo wake wamechimba, wameweka mawe, halitoki. Dereva akaja nyuma akasema: mzee, mshusheni mgonjwa, lori lazima liwe tupu, tena likitoka litaruka, litamuumiza.

Marta akanitazama. Marta ana miaka hamsini na tano na kiuno kibovu. Dereva na utingo wamepakaa matope mpaka kifuani. Barabarani hapakuwa na mtu mwingine.

Nilipanda. Ikupa alikuwa amelala ubavu, kanga usoni. Nilisema: Ikupa, ni mimi.  Nikaona kanga inapanda na kushuka kwa pumzi, haraka haraka. Hawezi kukimbia. Hakuna mahindi ya kuingilia. Nikapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti. Ni mwepesi. Homa inatoka kwake kama joto la jiko. Miguu ilining'inia upande wangu, ikagongana nilipokuwa nashuka, na yeye hakujua kuwa inagongana.

Kanga ilidondoka matopeni. Sikuwa na mkono wa kuiokota.

Nimeuona uso wake. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Sajenti aliniuliza kama ana alama, na anayo. Pua ya kwao, pana kidogo. Ni mtoto. Nilidhani nimemwoza mwanangu mwanamke mzima, kumbe nyuma ya kicheko kile jikoni alikuwa mtoto hivi.

Nilimlaza kando, chini ya turubai walilotutundikia. Marta akasema anakwenda kwenye zile nyumba za Wasangu kule mbali kuomba maziwa au hata uji, maana Ikupa tangu jana hajala. Nikamwambia niende mimi. Akasema: hapana, kaa naye. Sijui alimaanisha nini. Labda hakumaanisha kitu. Nimeishi na Marta miaka thelathini na mbili na leo ndiyo mara ya kwanza ameniamuru.

Kichwa cha Ikupa hakina pa kulala, magunia yamelowa. Nimekiweka gotini kwangu.

Alifumba macho muda mrefu. Nikadhani amelala. Halafu akafumbua, hakunitazama mimi, alitazama turubai. Akasema, "Tata."

Ameniita baba. Nikaitika.

"Ngedere wameyaacha mahindi?"

Nikasema wameyaacha. Nikasema hawajarudi tangu siku ile, wameogopa, mahindi yamekomaa vizuri, akirudi tutachoma. Nimesema uongo mwingi mfululizo, na sauti yangu ilikuwa imara kabisa.

Akashukuru, "Ndaga." Kana kwamba nimempa kitu.

 Kanga nimeiokota, nimeikamua, nimeiweka pale mkono wake unapofika. Mikono yake ni mizima, inafanya kazi. Hajaichukua. Uso uko wazi, unanitazama, unafumba, unanitazama. Sijui kama amenisamehe, au nguvu zimekwisha, au kwake mimi sasa si mtu wa kufichwa uso tena.

Dereva anaita nikasukume. Anaita mara ya pili. Marta haonekani bado. Siwezi kuinuka, amelala gotini kwangu.